Ndala Kwenye Mdomo wa Duara

Bugarama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia hata kabla ya kufunga bahasha, ile ya kupaza sauti mpaka jirani naye anatoka nje kuitikia. Natumai barua hii inakukuta mzima, mguu wa kushoto umeacha kukusumbua, na mama anaendelea kukukataza chumvi nawe unaendelea kujifanya hukumsikia. Mimi mwili wangu ni mzima. Hayo mengine nitayasema humu humu, usome taratibu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu haitufai tena, mimi na wewe. Tangu masikio yako yachoke na ving'ora vya treni, kila ninachokuambia lazima kipitie kinywani mwa Mwajuma, na mdogo wangu huyo ukimpa habari ya mchicha atakufikishia ya msiba. Safari hii nataka usome mwenyewe. Barua ataileta mama mmoja muuza dagaa anayekuja na treni. Nimemwambia akishuka stesheni ya Kilosa amuulize mtu yeyote nyumba ya mzee wa reli.

Halafu kabla sijasahau, Mwajuma alinitumia ujumbe akiuliza kama anaweza kuzichukua ndala zangu nilizoziacha mlangoni siku ile ya kuondoka, kwa kuwa zimekaa tu. Hilo nitalijibu mwishoni.

Uliuliza kwa nini sikuja Idi. Nilikuahidi, na begi nilikuwa nimeshalifunga. Ukweli, baba, ni kwamba siachiwi kutoka hapa.

Bosi wangu anaitwa Masanja. Ana maduara matatu, yaani mashimo ya dhahabu yale ya wachimbaji wadogo, yanayoshuka chini kama visima. Siku niliyofika alivichukua vyeti vyangu halisi, vile ulivyonifungia kwenye nailoni visilowe, akasema ni vya kutoa nakala tu. Akavifungia kwenye kabati la chuma pamoja na mizani yake. Nilipovidai alicheka. "Binti, ninyi mafundi wa kompyuta mnakimbia sana. Kisanduku kikishafanya kazi, utapewa vyako uende kwenu." Na unajua, bila vile vyeti mimi ni mwanamke mwenye bisibisi, basi.

Kisanduku chenyewe ni hiki. Kinafungwa kwenye mdomo wa duara. Kila mchimbaji ana kadi, anaigusisha akishuka na anaigusisha akitoka. Kwenye dirisha la ofisi kuna taa inayoonekana hadi maduarani: nyekundu maana yake kuna mtu chini, kijani maana yake duara ni tupu. Duara la kwanza na la pili yamekaribiana sana huko chini, kwa hiyo fundi baruti wa duara la pili halipui mpaka la kwanza liwe halina mtu. Zamani walikuwa wanajua kwa ndala. Kila anayeshuka anazivua mdomoni pale na kuingia na mabuti. Akitoka anavaa ndala zake. Zikibaki ndala, hakuna kulipua. Kisanduku kilipokuja, Masanja akaona ndala zinamharibia sura mbele ya wageni, akaamuru zipangwe nyuma ya jiko la mama ntilie.

Sasa mimi, niliyekitengeneza kisanduku, sijawahi kukiona kikifanya kazi mahali pake. Duara limezungushiwa kamba ya katani na mwanamke haivuki. Usidhani ni kote hivyo, maana hapa jirani kuna mama anamiliki duara lake na wanaume wanamwogopa. Ila Masanja na watu wake wana imani yao kwamba mwanamke akikanyaga mdomoni, dhahabu inahama. Kwa hiyo siku ya kukifunga nilisimama nyuma ya kamba nikipiga kelele, "Waya mwekundu kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!" na wao wakifunga kinyume. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Kingine ni lugha. Kompyuta iliyomo kwenye kisanduku ni ndogo kuliko kidole gumba, na haielewi lugha ya programu niliyosoma chuoni. Inataka nyingine, kongwe, inaitwa C. Niliwaambia naijua. Baba, nilikuwa naijua kama ninavyokijua Kisukuma, yaani kusalimia na kuomba maji. Nikajifunza hapa hapa, ofisi yenyewe ya mabati, jua linawaka juu. Nilipomaliza niliwaita mlinzi, mpishi na dereva, na mimi nikawa wa nne. Tukagusisha kadi kuingia na kutoka, tukabadilishana zamu, na taa haikukosea hata kidogo. Tulipiga makofi. Masanja akaniambia nitaondoka Ijumaa.

Alhamisi alasiri nilikuwa ofisini nakunja shuka zangu. Wachimbaji walianza kutoka wakaja jikoni kwa mama ntilie kunywa chai. Taa ikawa kijani. Fundi baruti akapunga mkono kutoka duara la pili kwamba ameiona. Nikageuka dirishani nimuage mama ntilie, na macho yangu yakaenda kwenye ndala. Waliokuwa wanakunywa chai walikuwa wamevaa zao. Nyuma ya jiko zilibaki jozi mbili, moja ya bluu iliyofungwa waya kwenye kamba yake. Zile namfahamu mwenyewe. Ni za Mabula, mtu mzima, mwenye watoto wakubwa, anayenisalimia kila asubuhi akiwa upande wake wa kamba.

Niliangalia taa. Bado ni kijani.

Sikumbuki kutoka mlangoni. Nakumbuka kamba ilinikata shingoni kidogo nilipoinama kuipita, na nakumbuka nasimama mdomoni pa duara nikipiga kelele kama kichaa: "Kuna watu chini! Usilipue, kuna watu!" Fundi baruti alikuwa ameshashika waya mkononi. Aliuachia. Nyuma yangu wanaume walikuwa wanapiga kelele pia, nikadhani wananisaidia. Kumbe walikuwa wananifukuza. "Mama, toka hapo! Toka, utatuharibia!"

Mabula na mwenzake walitoka baada ya kitambo, vumbi tupu, wanashangaa kwa nini watu wamejaa. Walikuwa wamebaki nyuma kutafuta nyundo iliyoangukia kwenye ufa. Nilikaa chini pale pale kwenye kifusi nikalia.

Masanja alinikuta hivyo. Hakuuliza kuhusu taa. "Unajua ulichokifanya? Umekanyaga!"

Nikamwambia, "Mabula alikuwa chini."

"Si ametoka? Dhahabu je, nani ataitoa huko ilikokimbilia?"

Nilijaribu kumweleza kosa la kisanduku, akanifukuza ofisini. Basi nakueleza wewe, maana wewe utalielewa kuliko yeye.

Vitu vilivyopangwa mfululizo, kimoja kando ya kingine, tunaviita safu. Chukulia ni mabehewa yaliyounganishwa. Katika lugha niliyosoma chuoni, ukimpa mwenzako safu umempa treni nzima, na akiiuliza ina mabehewa mangapi inamjibu. Katika C, ukiikabidhi safu kwa sehemu nyingine ya programu, treni haiendi. Kinachokwenda ni kikaratasi kinachosema behewa la kwanza limesimama wapi. Kikaratasi hicho ndicho kielekezi. Safu inageuka kielekezi njiani, kimyakimya. Kwa kikaratasi hicho utalifikia behewa la kwanza, la pili, la tatu, hata la mia ambalo halipo. Lakini ukikiuliza treni ina urefu gani, kinakupimia urefu wa kikaratasi chenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa unanipeleka stesheni, treni inapita, nami nafurahia injini? Wewe injini hukuwa unaitazama. Ulikuwa unasubiri taa nyekundu nyuma ya behewa la mwisho, na bila kuiona hukubali kwamba treni imefika yote. Kielekezi hakina taa ya nyuma, baba. Mimi binti yako nilikubali treni bila kuiona.

Katika kisanduku changu kila anayeshuka namba yake inakaa kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi ya safu, na akitoka inafutwa. Sehemu inayowasha taa iliuliza urefu wa safu, ikapewa urefu wa kielekezi, ambao kwenye kompyuta ile ni nne. Ikawa inatazama nafasi nne za mwanzo tu, hata chini wakiwa sita. Sisi ofisini tulikuwa wanne, tukapiga makofi. Kwa wachimbaji nako kosa lilijificha, kwa sababu kwa kawaida wanaoshuka mwisho ndio wanaotangulia kutoka. Siku ile Mabula na mwenzake walishuka mwisho na wakabaki mwisho. Ningeruhusiwa kusimama pale mdomoni hata siku moja, nikawahesabu watu kwa macho yangu, ningeliona mapema.

Kulirekebisha hakukunichukua muda. Unapotuma kielekezi unatuma na idadi pamoja nacho, viende vimeshikana mkono. Nimekijaribu kwa kadi zote za duara, kinasema kweli. Nilimpelekea Masanja nikidhani sasa ataniachia.

Hakukitazama hata. Amekwenda kwa mganga, wamechinja mbuzi mweusi, na ameambiwa asubiri. Wanashuka, wanapanda, viroba vinakuja na mawe matupu. Mimi nasema mkanda wa dhahabu ulikuwa umeshaanza kuisha tangu kabla ya Ramadhani, hata wachimbaji wenyewe walikuwa wanalalamika jikoni. Yeye anasema ni mguu wangu. "Utaondoka dhahabu ikirudi," ndivyo alivyoniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayekukaribisha chakula. Hilo ndilo linalonimaliza, baba. Programu naweza kuirekebisha. Mwamba nitaurekebishaje? Nimefungwa kwa kosa ambalo silo langu, na lile lililokuwa langu hakuna anayetaka kulisikia.

Nilifikiria kwenda kwa mtendaji wa kata. Pikipiki zinazoingia hapa ni za vijana wa Masanja, na mlinzi wa getini, yule yule aliyenipigia makofi, siku hizi ananiuliza naenda wapi hata nikienda kuchota maji. Kuondoka kwa miguu naweza. Kuondoka na vyeti siwezi, na miaka yote ile mliyojinyima wewe na mama siwezi kuiacha kwenye kabati la mtu. Naandika kwa hasira, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Jana asubuhi Mabula alikuja mpaka kwenye kamba. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, na hapa ukiitwa mayu, yaani mama, umeheshimiwa sana. Nikaitikia. Akakuna ndevu.

"Sisi hatuangalii taa tena. Ndala tumezirudisha mdomoni. Bosi akisema sura mbaya, ashuke yeye."

"Taa sasa imepona," nikamwambia.

"Inawezekana. Ila ndala hazijawahi kupona, kwa sababu hazijawahi kuugua." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Wabeja, mayu, asante. Mke wangu naye anasema wabeja. Lakini tafadhali, usirudie kukanyaga pale."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ananishukuru kwa uhai wake na ananiogopa kwa mguu ule ule uliomwokoa, na vyote viwili anavisema kwa moyo safi.

Najua ukimaliza kusoma utataka kupanda treni. Usije. Mguu wako hautaziweza barabara za huku, na Masanja atakukirimu kwa kuku kisha hatakupa kitu. Kama kuna mtu unayemfahamu bado kazini huko, anayejua njia ya kuzungumza na wakubwa wa wilaya, muulize tu kwa utulivu. Mama mwambie mimi ni mzima na nakula. Hayo ya kabati usimsomee.

Nisalimie shangazi, dada yako wa jirani na msikiti, mwambie ule ubani wake nauchoma kila Ijumaa. Msalimie na rafiki yako wa bao, yule aliyekuwa mwendesha treni, umwambie mabehewa yake nimeyaazima bila ruhusa.

Na sasa Mwajuma na ndala zangu. Mwambie hapana. Asizichukue, na akifagia asizisogeze pembeni. Zibaki pale pale mlangoni hata zikijaa vumbi. Huku ndala zikiwa bado mdomoni, wote wanajua kuna mtu hajatoka, na hakuna anayethubutu kulipua kabla hajatoka.

Mwanao,
Zuhura