Maji ya Kwa Peresi

Jumatatu, 3 Novemba

Maji ya lambo tena. Rangi ya chai ya maziwa. Nimetwanga mbegu za mlonge, nikakorogea ndani ya ndoo, nikayaacha yatulie. Mchana tope lilikuwa limekaa chini. Nikayachuja kwa kanga niliyoikunja, nikayachemsha. Bado yananuka ng'ombe.

Pampu ya kijiji imekufa. Fundi alikuja, akafungua, akatikisa kichwa, akafunga. Hatujamwona tena.

Maji mazuri kila mtu anajua yako wapi. Hakuna anayepataja.

Jumatano, 5 Novemba

Kuni hakuna. Nimerudi kwenye chupa. Zile za plastiki zinazopitisha mwanga, nimezibandua karatasi, nimezijaza maji yaliyokwisha kuchujwa, nimezilaza juu ya bati. Zichomwe na jua kutwa. Maji yenye tope hayafai kwa njia hii, jua halipenyi.

Mwalimu mgeni kaniuliza kama Nyemo ni mwanangu. Nikamwambia ni wa Peresi, marehemu mdogo wangu. Akasema pole. Imekuwa muda sasa.

Mtoto ana shingo ya Peresi. Akigeuka ghafla moyo wangu unaruka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikwenda kupeleka nguo za watu nilizoshona, nikarudi kwa njia ya mtoni. Mchanga mtupu toka ng'ambo hadi ng'ambo. Kwenye ile kona, kule wanakoita kwa Peresi, nikasikia kata ikikwangua mchanga. Kama mtu anateka shimoni. Nikasimama. Hakuna mtu.

Sikugeuka nyuma mpaka nyumbani.

Pale ndipo ukingo wa shimo ulipomwangukia akiwa ameinama anateka. Yona, mumewe, alimfukua kwa mikono. Tangu siku hiyo hakuna aliyechimba pale, na maji ya pale hayakauki hata kiangazi kikali. Watu wanasema mwiko. Mimi sijui mwiko. Naogopa tu. Kandambili yake moja haikupatikana. Naogopa jembe liikute.

Jumamosi, 8 Novemba

Nyemo anaharisha tangu alfajiri. Jana walipotoka shule walipita lamboni, wakanywa kwa viganja. Kiu. Nimchape kwa kiu?

Maji yaliyochemshwa, chumvi, sukari. Namnywesha kwa kijiko. Anatapika. Narudia.

Mama yangu amekaa kitandani kwake, anamshika miguu. Amemwita Peresi. Hakujisahihisha. Nilitoka nje nikasimama ukutani.

Jumapili, 9 Novemba

Macho yamemwingia ndani. Bodaboda hadi hospitali ya Mvumi, nimemfunga mgongoni kama mtoto mchanga. Kichwa chake kilikuwa kinagonga bega langu na kila shimo la barabara nilidhani amekufa.

Wamemtundikia dripu. Nesi kauliza tunakunywa maji gani. Nilipomwambia ya lambo akaandika.

Nikampigia Yona. Tangu matanga alihamia mjini, Kizota, anachomelea mageti. Nguo za mtoto anatuma. Mwenyewe haji. Nilimweleza hali ya Nyemo, kisha nikasema: "Shemeji, nataka kuchimba pale pale."

Nikasikia akizima mashine ya kuchomelea.

"Usichimbe," akasema. "Usiguse mpaka nije."

Jumatatu, 10 Novemba

Mtoto amekunywa uji. Hakutapika. Nimelia chooni watu wasinione.

Wanasema akae kidogo tena. Mama amekuja kunipokea zamu, nimerudi nyumbani kufua.

Jumanne, 11 Novemba

Yona amekuja na Fuso la mahindi lililokuwa linarudi tupu. Alipitia hospitali kwanza kumwona mtoto, akarudi na mama. Mtoto wamemwacha mikononi mwa nesi.

Ameshusha pipa. Halina kitako. Sehemu ya chini yote limetobolewa matundu. Linasimamishwa ndani ya shimo, maji yanaingia kwenye matundu, mchanga unabaki nje. Ukingo ukiporomoka unagonga chuma, haumgongi mtu.

Lina kutu. Nikamwuliza amelitengeneza lini.

"Wiki ile tuliyomzika."

Limekaa karakana muda wote huo. Wenzake walikuwa wanalitupia vipande vya chuma. Anasema mara kadhaa alilipeleka hadi stendi, akalirudisha.

Nimekasirika. Nimekasirika sana. Sisi tunakunywa mkojo wa ng'ombe, pipa liko Kizota. Nikaingia ndani nisije nikamtukana. Nilipotoka nikamkuta amekaa chini, amelaza kichwa juu ya lile pipa, hajanywa hata maji. Hasira ikaniishia. Ningekuwa yeye ningelileta? Sijui.

Jumatano, 12 Novemba

Tumechimba.

Wanaume wa mtaani walikuja lakini walisimama mbali. Yona akawaita wasogee, akawafundisha: shimo pana kama sinia, pande zilale, mtu asisimame chini ya ukingo uliosimama wima. Mimi nilikuwa natazama kila koleo. Kandambili haikuonekana. Sijui kama nilitaka ionekane.

Mchanga ukawa mweusi, ukalowa, maji yakaanza kuchuruzika. Safi. Walisimamisha pipa, wakazungushia kokoto. Zikabaki pande zifukiwe.

Hapo wenzake wakatoka, Yona akagoma. Alisimama ndani, maji kwenye vifundo vya miguu, mkono mmoja ukingoni mwa pipa. Tulimwita. Alikuwa anatutazama kama asiyetuona. Hakuna aliyethubutu kushuka. Na mimi sikushuka.

Mama ndiye aliyeshuka. Hajakanyaga mto tangu mazishi. Alishuka kwa makalio, kanga ikiburuzika kwenye mchanga, mpaka akamfikia.

"Yona. Hayupo humu. Mimi ndiye niliyemvika sanda. Hayupo humu."

Akamshika mkono. Yona akatoa sauti ambayo sitaki kuiandika.

Walipanda wote wawili. Hapo ndipo wanaume wakasogea na makoleo kufukia.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda kuteka asubuhi. Nilikuwa wa kwanza. Maji yamepanda hadi katikati ya pipa. Nikafunika na bati, nikaweka jiwe. Nimeyachemsha hata hivyo, ng'ombe wanapita mtoni.

Adhuhuri Nyemo ameruhusiwa. Mwembamba, anatembea mwenyewe.

Jioni hii Yona amelala barazani, mdomo wazi, amelala kweli. Fuso la kurudi mjini limepita, limepiga honi, hakuamka. Hatukumwamsha. Nyemo amekaa kando yake na tawi, anafukuza nzi. Anamtazama kama mtu anayesoma.

Kaniuliza, "Mama mkubwa, baba atakula hapa?"

Nimeongeza unga kwenye sufuria.