Ufunguo wa Mlango Niliomchongea Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kupotea kwa mzee wa miaka 76, mwalimu mstaafu wa udereva
Shahidi anajulikana kama: Mama Funguo
Umri: Miaka 51
Kazi: Kuchonga funguo na kutengeneza vitasa
Makazi: Chumba cha uani, nyuma ya duka la mbao
Maelezo yameanza kuandikwa: Tarehe 21 Juni, saa saba na nusu mchana

Mimi ni fundi wa funguo. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita katika kibanda kilekile. Sijawahi kufungua mlango wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Leo nimeomba mwenyewe kuandikwa maelezo, sikulazimishwa.

Mnamo tarehe 3 Juni, saa tatu asubuhi, alikuja kibandani dada mmoja aliyevaa sare ya uuguzi. Alisema funguo za gari la baba yake zimepotea na anataka vitasa vyote vibadilishwe, milango minne, buti na swichi ya kuwashia. Nikamwomba kadi ya gari na kitambulisho. Alikuwa navyo vyote, na majina yalilingana.

Siku hiyo hiyo saa nane mchana nilifika nyumbani kwao. Gari lilikuwa la rangi ya maziwa, la zamani sana, limetunzwa kuliko magari mengi mapya. Vitasa vya gari la umri ule haviuzwi tena dukani. Ilibidi nizunguke kwa wauza vipuri vilivyotumika, nikapata vitasa vya milango sehemu moja na swichi sehemu nyingine. Ndiyo maana gari likaishia kuwa na funguo mbili tofauti, mmoja wa milango na mmoja wa kuwashia.

Nilipokuwa nafungua mlango wa dereva, mzee alitoka na kiti chake akaketi karibu yangu. Nilimfahamu mara moja. Huyu ndiye aliyewafundisha watu wengi wa hapa kuendesha, akiwemo marehemu mume wangu. Tulikuwa tukimwita Mwalimu Breki, kwa sababu ya kupenda kukanyaga breki za upande wake. Akaniuliza, "Mwanangu, kazi hii ulianza lini?" Nikamjibu. Baada ya dakika chache akaniuliza tena. Mara ya tatu nikamjibu kama vile ndiyo kwanza nasikia. Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa funguo zake.

"Mbona unahangaika? Funguo hizi hapa."

Nilimtazama binti yake. Akaniita nyuma ya jiko. Alisema, "Dada, nisamehe. Funguo hazijapotea. Anayepotea ni baba."

Alinieleza kwamba tangu mwezi wa pili mzee ametoweka na gari mara mbili. Mara ya kwanza alikutwa mji mwingine, mafuta yameisha, hajui alikotoka. Mara ya pili aliingia upande usio wake wa barabara, na lori likamkosa kidogo tu. Walipomnyang'anya funguo alikataa kula siku tatu. Ndipo binti akafikiri heri abaki na funguo zake, ila zisifungue kitu, aone kwamba vitasa vimezeeka. Akanishika mkono. "Akija kwako usimchongee. Hata akilia." Nikaahidi.

Kazi ilikwisha tarehe 5 Juni saa kumi jioni. Nilimkabidhi binti funguo. Ule wa kuwashia aliuweka mbele yangu ndani ya kidroo cha majivu ya sigara cha gari lenyewe. Alisema ndani ya nyumba baba yake anapekua kila mahali, lakini ndani ya gari hawezi kuingia. Nikaona ana akili. Ule wa mlango akaufunga kwenye kamba, akauvaa shingoni. Mimi, kama kawaida yangu, nilibaki na ufunguo mmoja wa mfano wa mlango, nikautia kwenye kopo langu.

Mzee alianza kuja kibandani tarehe 9. Alikuja kwa miguu, na kwao si karibu. Mara ya kwanza nilimwambia mashine yangu mbovu. Akasema, "Pole sana, mwanangu. Ahsante," akaondoka. Alirudi tarehe 11, 12 na 16. Kila mara nilimwambia mashine mbovu, na kila mara aliniamini na kunipa pole. Jirani yangu fundi viatu alikuwa akicheka, hata siku moja akaniambia, "Mashine yako hiyo inaugua sana." Tarehe 16 mzee alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa. Alikuwa amelazimisha ufunguo wake mpaka ukapinda, ukamkata. Usiku ule sikupata usingizi.

Mnamo tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi. Sikuwahi hata kumwambia neno la mashine.

Alisema, "Mwanangu, leo nina akili zangu, kwa hiyo nisikilize kabla hazijaondoka. Nimeshika magari miaka thelathini na nane. Kitasa kilichochoka nakijua, na kilichobadilishwa nakijua. Najua mlichofanya na najua kwa nini. Binti yangu yuko sahihi."

Nikamwambia, "Basi Mwalimu, unataka nini kwangu?"

"Sitaki kuendesha. Nataka kukaa ndani ya gari langu, nifunge mlango, basi. Nyumbani kila mtu ananichunga kama chungu cha maziwa motoni. Nichongee wa mlango tu."

Akaniuliza habari za watoto wangu. Akamtaja mume wangu kwa jina lake, akanikumbusha jinsi alivyogonga pipa siku ya mtihani. Tulicheka wote wawili. Mimi sikuwa nimecheka habari za mume wangu tangu nimzike.

Nikatoa ule ufunguo wa mfano, nikawasha mashine.

Afande ameniuliza kama wakati huo nilikumbuka kwamba ufunguo wa kuwashia umo ndani ya gari. Mwanzo nilimjibu kwamba sikukumbuka. Naomba jibu hilo lifutwe. Nilikumbuka. Mashine ilikuwa inazunguka, nusu ya meno yameshachongwa, nikakiona kile kidroo cha majivu kama kiko mbele yangu. Niliwaza nizime. Kisha nikawaza kwamba baada ya pole zake zote sina tena uso wa kumdanganya. Nikamalizia kuchonga. Nikamlainishia kingo kwa tupa ili usimkate, nikamwekea mkononi. Nilisema nitampigia simu binti yake. Akaja mteja mwenye kufuli, halafu mwingine. Nilipiga saa nane kasoro. Binti alikuwa zamu, simu haikupokelewa. Alipopiga yeye, saa kumi na moja, gari lilikuwa limeshaondoka.

Tarehe 20 nilifunga kibanda. Nilitembea na picha ya mzee kila kituo cha mafuta cha barabara kuu, mpaka miguu ikavimba. Hakuna aliyemwona.

Leo tarehe 21, saa mbili asubuhi, askari walinifuata nikafungue gari lililokutwa kando ya barabara ya machimbo ya kokoto, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Lilikuwa limeegeshwa vizuri, breki ya mkono imevutwa, milango yote imefungwa kwa ufunguo. Nilifungua kwa ule ufunguo wa mfano. Ndani kulikuwa na koti lake na viatu vyake vimepangwa. Yeye hakuwepo. Mzee huyo yuko porini bila viatu, na kuna mashimo ya kokoto pande zote.

Binti yake alifika nikiwa nimeshafungua, ufunguo wake ungali shingoni. Aliniuliza, "Ulimchongea wewe?" Nikasema ndiyo. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Akaniuliza, "Siku hiyo alikuwaje?"

Nikamwambia alikuwa mzima. Alikuwa anajua kila kitu, alisema wewe uko sahihi.

Akakaa chini kwenye vumbi na sare yake. Akasema, "Mimi baba huniita nesi. Miezi minne nangoja aamke siku moja anijue. Siku hiyo imekuja, nami niko kazini."

Sina la kujitetea. Ninachoomba ni askari waongezwe kabla giza halijaingia, na mimi nirudishwe kule nitafute nao. Niliyoyaona na niliyoyafanya ni haya. Nimesomewa, ni maneno yangu, nami natia saini yangu.

Saini: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyosema. Jibu lake la kwanza nimelifuta kwa mstari mmoja mbele yake, naye ameweka saini pembeni. Saa kumi na dakika ishirini taarifa imepokewa kwa simu ya upepo: mzee amepatikana chini ya ukingo wa shimo la tatu, hai, nyayo zimechanika, hawezi kusimama. Binti yake ameitwa aende naye hospitali. Waokoaji wanasema mzee alipomwona binti amemwita nesi, amemwomba maji. Shahidi ameelezwa habari hizo na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mpaka nafunga jalada hili, saa kumi na mbili kasoro, bado amekaa kwenye benchi la nje.