Salma wa Mombasa

Jumapili, 5 Oktoba

Kicheko cha puani. Kifupi, mara mbili, halafu kimya. Nilikuwa barazani nakanda unga wa chapati, kama kila Jumapili, kikanifikia kupitia dirisha la chumba cha Divine. Hakijanitoka masikioni mpaka sasa. Hakuwa na mgeni. Alikuwa na simu.

Miaka mitatu tunaishi pamoja hapa Rwezamenyo, vyumba viwili na baraza moja ndani ya ua wa Mama Swaumu. Kicheko hicho nakijua. Humtoka anapochekeshwa na jambo ambalo hakutaka limchekeshe. Zamani ni mimi niliyekuwa nakichokoa. Sikumbuki mara ya mwisho.

Chapati zilitoka ngumu. Alikula tatu bila kulalamika. Nadhani hakuonja.

Jumanne, 7 Oktoba

Wali na sombe, kisamvu cha huku. Simu kando ya sahani yake, uso juu. Kila inapowaka, jicho linakwenda.

"Divine, chakula kinapoa."

"Niko nakula, sha. Si unaona?"

Nikamuuliza ni nani. Akasema ni wadada wa kwenye kundi. Linaitwa Dada Mbali na Kwao: wanawake waliopanga vyumba katika miji ya watu, kutoka Goma mpaka Mombasa. Kila mmoja na jina alilojichagulia, namba hazionekani.

"Umeshaonana na wangapi?"

"Hata moja."

"Na mnaongea nini?"

"Story tu, Zaina. Story tu."

Alipotaja kundi, uso wake ulikunjuka. Aliponijibu mimi, ulifunga tena. Niliosha vyombo kwa kelele.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeingia.

Kiungo nilikuwa nacho tangu Juni. Yeye mwenyewe alinitumia, akanikaribisha. Nilimjibu kwamba sina muda wa kupiga soga na watu nisiowajua. Niliiona sentensi yangu leo, iko pale pale chini ya mwaliko wake. Ina nukta mwishoni. Mwalimu wa Kiswahili mpaka kwenye dharau.

Nimejiita Salma, wa Mombasa. Mombasa nilikaa wiki moja, safari ya chuo. Inatosha.

Kipindi cha tatu sikuwa na darasa. Nilikaa chumba cha walimu nikasoma aliyoandika kwa miezi minne. Anajiita Dede. Dede aliwahi kupotea Bujumbura akiwa na miaka sita, akalala kwa muuza mkaa. Dede hulia akiona mama na binti wakinunua viatu. Dede alitaka kuwa mtawa. Kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa tofali moja, na sikujua hata moja kati ya hayo. Wanawake mia mbili wanajua. Mmoja kutoka Eldoret alimwekea moyo mwekundu.

Ninawachukia wote. Hasa wa Eldoret.

Jumatatu, 13 Oktoba

Salma alimwandikia faraghani. Salamu tu. Akajibiwa kabla sijaweka simu mezani.

Aliporudi kutoka kazini nilimuuliza, kwa mdomo wangu, "Kazini vipi?" Akasema, "Sawa tu." Akaingia chumbani kwake. Nikaingia changu, nikazima sauti ya simu, nikaandika: Kazini vipi, Dede?

Ujumbe kumi na mmoja. Msimamizi wa ghala anamwita "wewe wa Burundi" mbele ya wabeba mizigo. Alihesabu katoni mara mbili, hesabu yake ikawa sahihi, hakuna aliyemwomba radhi. Alijifungia chooni akalia, halafu akanawa uso kwa maji ya chupa. Salma alimwambia maneno mazuri. Nilisikia kupitia ukuta akivuta pumzi ndefu.

Namwonea wivu Salma. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeisoma tena. Ni ya kweli. Salma hana uso, hana historia, nilimtengeneza juzi nikinywa chai ya shule. Na anapendwa kuliko mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Anataka kuhama.

Ameniambia. Hapana. Amemwambia Salma. Kuna chumba karibu na Masoro, yaliko maghala, anakokaa Josiane, mwenzake wa kazini. Kutoka hapa anapanda mabasi mawili asubuhi na mawili jioni, na foleni za mjini zimemchosha. Josiane anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kisha akaandika hivi. Nimenakili, sitaki kujidanganya baadaye:

"Shida ni rafiki yangu mwenye tunaishi naye. Nikimwambia, atanyamaza. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko matusi."

Nilikaa kitandani, nimenyamaza, kama alivyosema.

Halafu Salma akajibu. Alisema: usihame. Alisema rafiki wa namna hiyo hapatikani mara mbili. Alisema Josiane humjui, leo mnacheka ghalani, kesho mnagombania ndoo. Niliandika haraka na vizuri. Sijawahi kujisifu kiasi hicho maishani, na kwa mkono wa mwingine.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeshinda. Amemwambia Josiane hapana. Amemwambia Salma kwamba amemwambia Josiane hapana. Mimi sijui kitu, kwa hiyo sikuweza hata kufurahi mbele yake.

Tulikwenda Nyamirambo kuchukua gauni lake kwa fundi. Wakati fundi anapima pindo, Divine aliandika kitu, akashusha simu. Mkoba wangu ukatetemeka.

"Dada, simu yako," fundi akasema.

"Matangazo hayo."

"Matangazo ya Jumamosi? Sema tu ni bwana, hatutamwambia mtu."

Divine akacheka na fundi. Nilicheka pia. Ujumbe niliusoma tulipofika nyumbani. Alikuwa amemwandikia Salma kwamba gauni limempendeza na kwamba rafiki yake hajasema kitu. Kweli sikuwa nimesema kitu. Nilikuwa naangalia mshono wa bega, umevutika upande mmoja.

Jumatano, 22 Oktoba

Anataka kumpigia Salma, wasikizane sauti. Nimesema simu imeharibika kipaza sauti. Uongo wa kitoto, akauamini. Watu wanawaamini sana wasiowaona.

Salma alimuuliza kuhusu yule rafiki. Mimi nilimfanya aulize. Hili ndilo jibu, sehemu yake:

"Ni mutu muzuri. Nilipougua malaria alinifulia hata shuka. Lakini nikimuhadisia kitu, ananisikiliza kama vile anasahihisha mutihani. Nikimaliza, naona kama nimepata kumi na moja juu ya ishirini."

Nilisahihisha. Wallahi, kabla maneno hayajaniuma, jicho langu lilikuwa limekwisha kupita kwenye "mutu" na "mutihani".

Kisha yakaniuma.

Kwa nini hajawahi kuniambia kuhusu zile shuka? Asante hiyo ilikuwa yangu. Amekwenda kumpa mwingine.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda: nchi nzima tunatoka kusafisha mitaa, maduka yamefungwa mpaka saa tano. Saa moja na nusu nilikuwa nimevaa viatu vya mvua, jembe ukutani, namngoja Divine atoke. Simu ikawaka. Alikuwa bado chumbani kwake. Alimuuliza Salma kama wanaweza kuongea leo, kuna jambo linamsumbua.

Mtaa ulikuwa unaanza kutoka nje. Mwenyekiti wa mtaa anapiga filimbi. Niliandika upesi: Baada ya saa tano basi, tukimaliza umuganda.

Nikatuma. Nikaisoma.

Mombasa hakuna umuganda. Mombasa hakuna mtu anayengoja saa tano duka lifunguliwe, hakuna anayezibua mtaro na jirani zake kwa sababu ni Jumamosi ya mwisho. Niliifuta. Alikuwa ameshaisoma.

Akatoka. Kitenge kiunoni, kofia ya jua. "Twende," akasema. Hakuna zaidi.

Tulipangiwa mtaro wa mbele ya msikiti mdogo. Mvua ya wiki nzima imeujaza matope na chupa. Mzee Hamisi, jirani wa upande wa juu, alikuwa amesimama akiongoza kuliko kuchimba. "Mwalimu, jembe halishikwi kama chaki!" Watu wakacheka. Divine alichimba bila kuinua kichwa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nilianza kuamini kwamba labda hakuelewa.

Jembe langu likaacha mpini. Akanyoosha mkono, akanipa koleo lake.

"Shika, Salma."

Kwa sauti ya chini. Hakuna mwingine aliyesikia. Nilishika.

Jumapili, 26 Oktoba

Hakuna chapati. Sikukanda.

Saa sita alikuja kusimama mlangoni kwangu. Hakukaa. Ninaandika nilivyosikia.

"Nilimwambia mutu mambo yangu. Kumbe ni weye."

Nikasema samahani. Nikasema ningetaka aniambie mimi. Nikasema nilikuwa na wivu. Lilitoka hivyo hivyo, bila mapambo.

"Wivu ya nani?"

"Ya wote."

"Zaina, ungeniuliza. Ungeniuliza tu vile Salma aliniuliza, ningekuambia. Salma alikuwa anangoja nimalize."

Nilikuwa na la kusema. Nililimeza. Mara ya kwanza, na imechelewa.

"Sasa niambie. Ule alisema nisihame, alikuwa nani? Weye ama yeye?"

"Mimi."

"Ni hiyo nilitaka kujua." Akatazama sakafu. "Chumba nilishakikataa. Juu ya maneno ya mutu hayuko."

Akarudi kwake. Hakubamiza mlango. Ningependa angebamiza.

Jumanne, 28 Oktoba

Amejitoa kwenye kundi. Mwanamke wa Eldoret ameuliza, Dede yuko wapi? Wengine saba wameuliza. Hakuna aliyejibu. Nimewanyang'anya pia. Hilo sikulipanga, lakini nimelifanya.

Chakula cha jioni hakuna simu mezani. Nilichokuwa nakidai. Alikula akiangalia wali. Sauti ya vijiko viwili. Angeangalia simu ingekuwa afadhali.

Nimemfuta Salma. Ilichukua nusu dakika. Simu iliniuliza kama nina hakika.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda Masoro.

Nilitoka shule saa tisa. Basi mpaka mjini, foleni, basi la pili, kusimama njia nzima, mvua, kwapa la mtu juu ya kichwa changu. Nilifika saa kumi na moja kasoro. Miaka mitatu anafanya hivi, asubuhi na jioni. Na mimi nilikuwa namuuliza kwa nini haongei wakati wa kula.

Divine wiki hii ana zamu ya asubuhi, alikuwa ameshaondoka. Nilimsubiri Josiane kwenye lango la maghala. Nilimwambia mlinzi jina, akaniitia. Josiane ni mfupi, mnene kidogo, anatembea kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Ni weye ule mwalimu?"

"Ndiyo."

"Divine alisema uko mkali."

"Kweli."

Akacheka. Nikamwambia kila kitu, tumesimama chini ya paa la mlinzi, mlinzi naye akisikiliza bila aibu. Kwamba Divine hakukataa chumba kwa hiari yake. Kwamba nilijifanya mtu mwingine. Usoni mwa mgeni, bila jina la kujificha.

Josiane alinitazama kuanzia viatu mpaka uso. Halafu: "Weye iko na matatizo, dada."

"Mno," mlinzi akasema.

Kuna msichana wa kiwanda cha nguo aliyekuja kukiangalia chumba. Hajarudi na jibu. Josiane amesema atamwambia kimekwisha, na kesho atamuuliza Divine upya, na hatamficha ni nani aliyemtuma. Nilimwambia asimfiche.

Njiani kurudi nilipata kiti. Sikutoa simu.

Jumapili, 2 Novemba

Amehama jana. Kigari cha mizigo kiliingia uani saa nne. Mimi ndiye niliyefunga godoro kwa kamba, kwa sababu yeye hajui fundo. Masanduku mawili, jiko la mkaa, picha ya Bikira Maria aliyoifunga ndani ya lile gauni la Nyamirambo. Nilimwambia gauni linampendeza. Akasema, "Sasa ndiyo unaona?" Hakutabasamu, lakini alinitazama.

Alipopanda mbele na dereva, aliteremsha kioo.

"Usiniandikie. Ukitaka kuniuliza kitu, panda bisi."

"Mbili."

"Eeh. Mbili."

Sijui kama huo ni msamaha. Sikuuliza.

Nina wivu na Josiane. Leo asubuhi amemwona akiamka, nywele zimesimama, hataki kusemeshwa mpaka anywe chai. Sitaandika kwamba wivu umekwisha. Umekaa tu, kama mtu aliyechoka.

Jioni ya jana Mama Swaumu alinijia barazani. Ananionea huruma, anadhani tumegombania mwanaume. "Mwanangu, chumba nitakiacha mpaka mwisho wa mwaka. Divine atarudi tu, hawa watoto hawajui wanachotaka. Kaa na ufunguo wake." Nilikaa nao usiku mmoja. Niliingia mara moja, nikafagia, nikatoka.

Leo baada ya sala ya adhuhuri nimemrudishia. Nimemwambia apangishe, Divine hatarudi, na asimwambie mpangaji mpya lolote kunihusu. Ameupokea, ameufunga kwenye pindo la kanga. Nesi mmoja kutoka Rusizi anakuja kukiangalia chumba kesho.

Nimekanda unga. Chapati nne tu.