Jiwe la Mlangoni Limerudi Mlimani

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, pasha tu. Nguo zikikauka, anua.

Naenda mlimani kurudisha jiwe lako. Asubuhi binti yetu alipokuwa akipiga deki, lile jiwe la kuzuia mlango likaroa, akajitokeza juu yake konokono wa kale aliyegeuka mwamba. Akasema, “Si Baba ndiye aliyetukataza kuokota hata kokoto kule hifadhini mlimani?” Kisha akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniuma.

Nimebeba maji na koti la mvua, naenda na mwongozaji, na njia siachi. ~~Walinzi wa hifadhi wakiuliza, nitasema mtoto ndiye aliyeliokota.~~ Hapana, nitakutaja wewe, na soksi ulimolificha.

Mlango ukianza kujibamiza, kaa pale lilipokuwa jiwe. Uzito unao, na leo kazi huna.

Mama watoto