Kompyuta ya Mama Yako

Yokote, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Orie,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Kagoshima, ambako najua bado mnavaa mikono mifupi. Huku majani yamekwisha kuwa mekundu na magoti yangu yameanza kunitangazia theluji. Mengine ni salama. Nakula, nalala, na paka ananenepa kuliko mimi.

Nimekutii. Jumamosi nilikwenda kwenye ule umoja wa watumiaji wa Linux, mfumo wa bure wa kompyuta, ulionisumbua nao tangu kiangazi. Wanakutana ukumbi wa mtaa, chumba kilekile ambamo mama yako alikuwa akiimba na kwaya. Kiongozi wao ni Mwalimu Igarashi, yule aliyekufundisha hesabu sekondari. Amestaafu, lakini bado ana sauti ya kumwamsha aliyelala dawati la nyuma.

Desturi yao ni kwamba mgeni hasaidiwi kitu mpaka asimame, ataje jina lake, na aseme kwa nini ameuhama mfumo wa zamani. Wakui kinyozi alisema kompyuta yake ilijizima ili ijisasishe wakati anaandika mambo ya kodi, na siku hiyohiyo akaapa hawatakaa tena nyumba moja. Mtawa wa hekalu letu naye alikuwepo, mgeni kama mimi. Yeye alisema dukani wamemwambia kompyuta ya hekalu imeshakufa kwa kuwa kampuni haitauhudumia tena mfumo wake. Sasa yeye kazi yake ni kuzika, lakini hajawahi kuzika kitu kinachopumua. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Zamu yangu ilipofika nikasema mimi ni Takamure Seigo, nimehama kwa sababu binti yangu amesema. Wakanipigia makofi. Sababu yenyewe sikuitoa mbele za watu. Hiyo ni kompyuta ya mama yako, na muuzaji wa dukani aliponiambia niitupe ninunue mpya, nilitoka bila hata kuaga. Hata ingekuwa tofali nisingeitupa.

Siku ya kusakinisha mfumo mpya ni mwezi ujao. Tumeagizwa kila mtu ahifadhi vitu vyake kwanza. Zile sauti alizojirekodi mama yako nimeshazivuta kwenye flashi, moja baada ya nyingine. Nilidhani itachukua asubuhi nzima, kumbe kazi ilikwisha kabla chai haijapoa. Dunia imekwenda mbele sana.

Usile vya dukani kila siku. Wewe ndiwe mtaalamu wa lishe, usiwe mganga asiyejiganga.

Baba yako

---

Kagoshima, 29 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mlima wetu umetema majivu tena na nguo zote nilizoanika nimezifua upya. Magoti yako yanasemaje? Yapake dawa, usiyasikilize tu kama redio.

Barua yako nimeisoma nikiwa kantini ya hospitali, na wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Mwambie Mwalimu Igarashi kwamba mpaka leo sijui kugawanya sehemu kwa sehemu.

Baba, kuna jambo nalitafutia maneno tangu zamani. Kwenye simu siliwezi, maana wewe na mimi tukipigiana tunaishia kusikilizana tukipumua. Mama alipokuwa akijirekodi kabla ya upasuaji wa koo, kabla hawajamtoa sauti, mimi sikuweza kukaa chumba kimoja naye. Alipofariki uliniambia zile sauti zipo, nikakuambia usinitumie. Na nyumbani sijarudi tangu mazishi kwa sababu hiyohiyo. Naiogopa ile nyumba ikiwa kimya.

Sasa nadhani naweza. Mwezi wa pili ni ibada yake ya mwaka wa tatu, nami nitakuja. Usinitumie kitu. Nitakuja tukae wote wawili sebuleni tumsikilize kwa pamoja, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nataka nikifungua mlango awe mama wa kunikaribisha, kama zamani. Nimeanza kuisahau sauti yake, Baba, na hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe.

Mwanao,
Orie

---

Yokote, 17 Novemba 2025

Mwanangu Orie,

Salamu kwako kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima wa afya, na tangu barua yako ifike ni mzima kupita kiasi. Nimeziba bustani kwa mbao kabla theluji haijaanguka, nimeanika futoni yako ya kulalia, nimemwambia jirani, nimemwambia postamasta, na paka naye nimemwambia. Unakuja.

Jana ilikuwa siku ya kusakinisha. Mwalimu Igarashi ana sharti lake: hagusi kibodi ya mgeni. Anasimama nyuma yako, mikono mgongoni, anakuelekeza kwa mdomo tu. Anasema mashine uliyobonyezewa na mtu mwingine haiwi yako kamwe. Tulipofika pale skrini inapouliza kama ifute diski yote, alinisimamisha.

"Bwana Takamure, umehifadhi vitu vyako?"

"Nimehifadhi, Mwalimu."

"Vyote?"

"Vyote. Viko hapa mfukoni."

"Basi bonyeza mwenyewe. Mashine ni yako."

Nikabonyeza. Upande wa pili mtawa alibonyeza ya kwake huku anamung'unya sala, na Wakui akamwambia asiizike bado, mgonjwa anapumua. Baada ya muda mfupi kompyuta ya mama yako ikawaka, nyepesi kama mpya. Sauti tu ndiyo haijatoka, spika zimegoma. Mwalimu amesema tutazitengeneza mkutano ujao, kisha tutajaribu kufungua flashi. Nimemwambia tufungue moja tu, zilizobaki zinakusubiri wewe.

Tulimaliza kwa chungu cha kiritanpo, wali wa vijiti kwenye supu ya kuku, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaongeza sahani ya pili. Nilifurahi, Orie. Sina neno jingine.

Baba yako

---

Kagoshima, 2 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa mashine mpya ya zamani. Mimi ni mzima. Likizo nimeshaipata na tiketi ya ndege nimeshakata. Nitatua Akita asubuhi, kisha nipande treni. Usije stesheni, barabara zitakuwa na barafu. Nisubiri ndani.

Mkishafungua hiyo moja, niambie tu kama inasikika vizuri. Usiniambie anasema nini.

Mwanao,
Orie

---

Kagoshima, 27 Desemba 2025

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Nilipokupigia ulisema wewe ni mzima na theluji ni nyingi, ukarudia tena kwamba theluji ni nyingi, kisha ukasema paka anakuita. Tangu lini paka akakuita?

Kama unaumwa, niambie. Nitakuja mapema. Usinifiche kitu kama mlivyonificha wewe na mama alipoanza kuugua.

Mwanao,
Orie

---

Yokote, 11 Januari 2026

Mwanangu Orie,

Sijui nikusalimu vipi. Siumwi. Soma hii ukiwa umekaa.

Sauti za mama yako hazipo.

Mkutano wa Desemba Mwalimu alizitengeneza spika, nikatoa flashi mfukoni. Ikafunguka, na vyote vilikuwa pale, kila kimoja na jina alilokipa mama yako mwenyewe. "Karibu nyumbani, Orie." "Kumwita paka." "Nimechoka leo." "Seigo, zima taa." Nikawaambia wenzangu wasogee wasikilize. Mwalimu akabonyeza cha kwanza, hakikufunguka. Akabonyeza kingine. Kisha akainama karibu na skrini akaangalia vile vipicha, na nikamwona anabadilika rangi. Kila kimoja kilikuwa na mshale mdogo pembeni.

Mshale huo nimeuona miaka yote nikidhani ni pambo. Kumbe kipicha chenye mshale si sauti yenyewe, ni kibao tu cha kuelekeza sauti iliko. Mama yako aliviweka usoni pa kompyuta ili nisihangaike kutafuta. Mimi nikavihifadhi vibao, kisha nikaibomoa nyumba vinakoelekeza kwa kidole changu mwenyewe. Ndiyo maana kazi ilikwisha kabla chai haijapoa.

Nakala nyingine hakuna, mama yako hakutaka sauti yake izagae mtandaoni. Diski tuliipeleka Sendai kwa watu wanaofufua vilivyofutwa. Nilikaa kimya Desemba nzima kwa sababu nilikuwa nikisubiri jibu lao, nikijiambia nitakuandikia yakiwa yamekwisha kuwa mazuri. Wamejibu kwamba diski za aina hii hujisafisha zenyewe kitu kikishafutwa, na hii imeshajisafisha. Wameirudisha ikiwa imefungwa vizuri kwenye boksi.

Mwalimu Igarashi alikuja nyumbani. Alipiga magoti pale mlangoni, akaweka paji la uso sakafuni, mwanamke wa umri ule, akasema ni yeye aliyepaswa kuangalia. Laiti angeivunja desturi yake mara moja tu akagusa kibodi, angeuona mshale. Nilimwambia ainuke. Aliuliza kama nimehifadhi nami nikasema ndiyo, angefanya nini zaidi? Lakini nakwambia kweli, kuna sehemu ya moyo wangu ilitaka akae pale chini muda mrefu zaidi, na hilo linanitia aibu.

Samahani, Orie. Njoo tu. Nyumba ipo, na futoni nimeianika tena.

Baba yako

---

Kagoshima, 24 Januari 2026

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Sina hasira na wewe. Mimi ndiye niliyekusukuma uende kule. Mimi pia ndiye niliyekataa kutumiwa zile sauti, na kama ningekubali, leo zingekuwa huku kwangu. Nikianza kutafuta mkosaji nazunguka na kurudi palepale, kwa hiyo nimeacha.

Ila sitakuja. Likizo nimeirudisha na tiketi nimeifuta. Nilijiandaa kuingia kwenye nyumba yenye sauti ya mama, na hiyo nyingine sijajiandaa nayo. Najua wewe unaishi humo kila siku. Najua ni ubinafsi. Mwambie mtawa chochote utakacho, mwambie nina kazi.

Swali moja tu. Wewe uliishi naye miaka yote ile. Bado unaisikia? Mimi kuanzia wiki iliyopita siipati tena. Naona mdomo wake unafunguka, basi.

Mwanao,
Orie

---

Yokote, 16 Februari 2026

Mwanangu Orie,

Natumai u mzima. Mimi naendelea. Theluji imefika dirishani, na Wakui alikuja kunisaidia kuiteremsha paani.

Ibada ilifanyika jana. Tulikuwa watatu: mtawa, Mwalimu Igarashi na mimi. Mto wako wa kukalia niliuweka kulia kwangu kama inavyotakiwa, kisha nikauondoa kwa sababu mtawa alikuwa akiutazama. Alisoma sala vizuri. Baadaye tulikunywa chai na hakuna aliyetaja kompyuta. Kuhusu wewe nimemwambia mtawa una kazi nyingi, akasema hospitali ndivyo zilivyo.

Wiki iliyotangulia kulikuwa na mkutano wa umoja. Wageni walikuwa wengi, wamejaa ukumbi, maana watu wanazidi kuambiwa mashine zao zimekufa. Wote wakasimama wakaeleza kwa nini wamehama, mmoja baada ya mwingine, na vicheko vilekile. Sikutaka kwenda. Mwalimu alinipigia simu mwenyewe akanisihi, akasema sasa wanahitaji mtu wa kukagua hifadhi za wageni kabla hawajabonyeza. Ameivunja desturi yake, siku hizi anagusa kibodi. Nilipangiwa mama mmoja mwenye picha za harusi ya mwanawe. Nikamwambia tufungue kila moja, tuone kama kweli inafunguka. Tulipofika kwenye keki aliniambia, "Mzee, unanichelewesha, nina watu wa kuwapikia." Akahamia meza ya Wakui. Zilikuwa salama zote, hata hivyo. Sidhani kama nitarudi.

Uliniuliza kama bado ninaisikia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nihakikishe kwanza. Jana baada ya watu kuondoka nilikaa mbele ya picha yake. Maneno yake yote ninayo, Orie, hata alivyokuwa akiyapanga. Naweza kukuambia alisema nini siku ulipozaliwa. Lakini nikitega sikio, kinachokuja ni kile kifaa cha kusemea cha hospitali alichokuwa akikibana shingoni baada ya upasuaji, kile kilichounguruma kama mashine ya Wakui ya kunyolea, ambacho uliniomba asikitumie akiongea nawe kwenye simu. Nikimwita, ananiitikia kwa hicho. Nikirudi nyuma miaka thelathini, mama yako akiwa bado msichana ananigeukia stesheni, anafungua mdomo, na ni hicho hicho.

Kwa hiyo usije kwa ajili ya kuniuliza. Sauti iliyobaki kwangu ni hiyo, na hiyo haitoki.

Baba yako