Mwenye Landrova Ni Mimi

Mjukuu wangu Zainabu,

Marahaba. Hapa Isevya tuko salama, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini nilimkatalia mnunuzi wa Landrova, ilhali injini ni nzima na imebaki rangi tu. Aliniuliza, "Bibi, mwenye gari yuko wapi?" Nikafunga boneti.

Nilipokuwa msichana kule Kigwa, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume wakabishana nani akatafute dereva. Nikachukua Landrova hiyohiyo, wakati huo ya baba, nikamfikisha Tabora salama. Baba alinikataza kugusa ufunguo tena. Niliugusa.

Sasa nimemuuzia fundi Mwajuma. Yeye alisema, "Shikamoo bibi. Niendeshe kwanza mpaka Itetemia, nione unavyoishika."

Tukaenda.

Bibi yako, Tatu