Siku AC Ilipogoma Kitengela

Kitengela,
Alhamisi.

Kwako Paashe wangu,

Takwenya. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, maumivu ya mgongo yamepungua, na ile mvua tunayosikia imenyesha upande wa mlimani imewafikia na nyinyi huko Illasit. Huku hatujaona hata wingu. Mjukuu wako Nashipae ni mzima, ameng'oka jino lingine la mbele na anajivunia pengo lake kwa kila anayepita. Mwanao Lemayian yuko salama. Hilo nimelisema mapema ili wifi yangu Sianto, anayekusomea, asianze kuruka mistari akitafuta habari mbaya.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani tena. Wewe unapandisha sauti, mimi napandisha yangu, kisha mmoja wetu analia na mwingine anasingizia network. Kimaasai changu nacho unakijua, msichana wa Gataka ni msichana wa Gataka. Kwa hivyo nimetumia Kiswahili, na nimempa yule dereva wenu anayeleta nyanya sokoni huku akufikishie kabla ya Jumamosi.

Najua mmepanga nini Jumamosi. Pickup inakuja na wajomba wawili, wambebe Lemayian pamoja na godoro lake, wamrudishe nyumbani. Najua pia kwa nini. Sianto alinipigia siku ile AC ilipogoma, akanikuta nalia, akakimbia kukuambia kwamba mwanao nusura auawe na joto na mke wake hajui la kufanya. Hakukudanganya. Lakini ulisikia nusu ya habari, Paashe, na mimi sikubali mume wangu ahamishwe kwa nusu ya habari.

Na ninakuita Paashe, si Mama mkwe, kwa haki yangu. Siku ya arusi nilisimama nje ya boma lako nikakataa kuingia, kama wifi zangu walivyonifundisha, mpaka ukaniahidi mtamba. Tangu hapo mimi na wewe tunaitana jina moja. Wako watu waliosema siku ile kwamba huyu wa mjini ataingia na atatoka. Bado wanasubiri.

Sasa sikia nusu ya pili.

Unakumbuka daktari alivyotueleza baada ya Lemayian kuanguka kule kwenye mjengo: shingo ikiumia vile, mwili hauwezi tena kutoa jasho. Mimi na wewe tukichomwa na jua tunalowa, tunapoa. Yeye joto linaingia na halina pa kutokea. Ndiyo maana ndugu zake walichanga wakanunua ile AC, na wewe ukauliza tangu lini mtoto wa Illasit akanunuliwa baridi. Tulicheka sana. Lakini si starehe. Ni dawa yake, sawa na vile vidonge.

Siku hiyo stima ilipotea asubuhi, ikarudi jua likiwa limeshapanda na mabati yanalia juu yetu. Nikachukua rimoti, nikabonyeza. Kimya. Nikasema ni betri, nikatoa za rimoti ya televisheni nikazitia. Kimya. Nikaenda kwenye swichi kubwa ukutani, nikaizima, nikaiwasha. Nikapanda kiti, nikafungua kifuniko cha AC na kutoa yale machujio, yamejaa vumbi la Kitengela kiasi cha kupanda sukuma wiki. Nikayasugua kwa brashi ya viatu, nikayarudisha, nikabonyeza tena. Hakuna kitu. Fundi aliyeifunga nilimpata baada ya kupiga mara nyingi, akasema yuko Namanga, atakuja kesho. Kesho! Mimi niko na mtu ambaye uso wake unawaka na anaanza kuongea kama mlevi.

Nililowesha shuka, nikamfunika, nikawasha feni, lakini feni ilikuwa inamletea hewa ya moto tu. Niliogopa, Paashe. Sijawahi kuogopa hivyo, hata hospitalini. Hapo ndipo Sianto alipopiga.

Nilipokata simu nikageukia ile gadi. Ni kiboksi cheupe kilicho ukutani, kinachozuia umeme mbaya usiunguze AC. Taa yake ikiwa ya kijani, umeme unapita. Ikiwa ya njano inakuambia subiri kidogo, na nyekundu ni kukataa. Ilikuwa nyekundu. Ikageuka njano, nikafurahi, halafu nyekundu tena. Nikaamua ni yenyewe imeharibika, nikaenda kuchukua bisibisi niing'oe, niunganishe waya moja kwa moja.

"Wanjiru, wacha hiyo," Lemayian akasema. "Utachoma AC na ujichome pia. Angalia balbu."

Nilidhani ni joto linaongea. "Balbu gani?"

"Hii ya hapa juu. Iko on tangu stima irudi. Simama hapa uangalie na mimi."

Nikasimama kando ya kitanda, bisibisi mkononi, nikiangalia dari kama mjinga. Balbu ilikuwa inawaka vizuri, mara ikafifia, ikarudi. Ikafifia tena. Nikageuka kuangalia gadi: kila balbu ikififia, gadi inakuwa nyekundu.

"Sasa sikiza nje," akasema. "Ni yule wa magate."

Wiki hiyo jamaa mmoja wa kuchomelea mageti, anaitwa Mutua, alikuwa amehamia ile ploti tupu nyuma ya ukuta wetu. Kila mashine yake ikigusa chuma, umeme wetu unaanguka. Gadi inaona umeme mbaya, inafunga. Ikianza kusubiri upya, Mutua anagusa tena. AC ilikuwa nzima kabisa, ila haikuwa inapewa nafasi ya kuwaka.

Nikamuuliza mume wangu amejuaje. "Si mimi ndiye naangalia hii dari siku mzima," akasema. "Wewe uko na mambo mingi."

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Unajua mwanao alivyo. Tangu tutoke hospitali hakutaka mtu wa nje amwone, hata watu wa kanisa nilikatazwa kuwafungulia mlango wa chumbani. Nikamwambia, "Nikienda kumsimamisha huyo fundi, ataniuliza ni kwa nini." Akafumba macho. Kisha akasema, "Mwambie."

Nilitoka mbio.

"Fundi, tafadhali, simamisha mashine."

"Madam, hii gate inaenda Isinya leo. Mwenyewe ndiye huyo ako kwa pickup."

"Mume wangu ako ndani, mwili yake haitoi jasho. AC yake haiwaki juu ya hii mashine yako."

"Haitoi jasho? Kivipi?" Alinitazama kama mtu anayehofia kutapeliwa.

"Kuja uone."

Nilisema kabla sijafikiria. Mutua akanifuata, na mwenye geti nyuma yake, mpaka mlango wa chumba ambao hakuna jirani aliyewahi kuuona. Lemayian yuko chini ya shuka iliyolowa, macho mekundu. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyeanza.

"Fundi, kazi yako naisikia ni safi," akasema. "Lakini unachoma saa mbaya."

Mutua akavua kofia. "Pole sana, boss. Sikujua kuna mtu."

Akatoka, mashine ikanyamaza. Mwenye geti alinung'unika kidogo, kisha akaenda kutafuta soda. Gadi ikawa njano. Ikawa kijani, nikabonyeza rimoti, AC ikalia ule mlio wake mdogo, ikafungua mdomo, ikapuliza baridi. Nililia tena, na hicho kilio Sianto hakukisikia. Nashipae aliporudi kutoka shule, baba yake alikuwa anagombana nami kwa kulowesha godoro.

Yeye na Mutua wamepatana sasa. Mutua anachoma asubuhi, na jua likiwa kali anapiga msasa na kupaka rangi. Akiwa na kazi ya haraka anauliza kutoka ng'ambo ya ukuta, "Baba Nashipae, nichome?" Mwanao anaangalia balbu, anaangalia gadi, anajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aanguke: "Ngoja!" au "Choma!" Mtaa mzima unasikia. Jana Mutua aliingia bila kuitwa, akakaa kwenye kiti changu, wakabishana mambo ya mpira mpaka ugali ukapoa. Na mazoezi ya mkono hapa hayakosi. Juzi ameshika kikombe mwenyewe, akakimwaga, akaomba kingine.

Kwa hivyo sitafunga godoro, Paashe. Wajomba wakija nitawapikia, watakula, watarudi. Wewe ndiye nataka uje, ukae nasi hata mwezi, umwone kwa macho yako.

Msalimie Baba mkwe, mwambie dawa yake ya macho nimeipata na dereva anayo. Msalimie wifi Sianto, nimemsamehe mdomo wake. Wale wajomba wawili nawashukuru kwa moyo wao, sina kinyongo nao.

Nimemsomea Lemayian barua hii yote. Anasema nimeandika maneno mengi, na kwamba ana yake machache kwako wewe mama yake, niyaongeze. Nayaandika kama alivyoyasema:

"Yeyo, Jumamosi siwezi kuja. Niko na kazi."

Mimi, mkaza mwanao,
Wanjiru, Mama Nashipae